Kila Mtu Mahali Pake

Gari la baba lilikuwa linagonga mbele, upande wa kushoto, na baba alikuwa anajifanya kiziwi. Tukivuka tuta, ngo! Tukikata kona ya kuingia kwetu Miyuji, ngo, ngo! Yeye kimya, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani kama amembeba waziri. Nikimuuliza, "Baba, husikii?" ananijibu, "Nasikiliza redio." Redio ya gari lile ilikufa kabla mimi sijamaliza darasa la saba.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa mdomo ukitangulia, mwili ukafuata nyuma kuomba radhi. Kwa hiyo katika haya ninayoyasimulia kuna mambo sikuyafanya vizuri, na sitajipamba.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, lile la mgongo mrefu ambalo wazee wote wa Dodoma wanalijua: zamani lilibeba wakubwa wa ofisi, halafu likaja kubeba abiria na kuku wao hadi Kondoa. La kwetu lina rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Baba alikuwa dereva wa serikali miaka yote ya kazi yake, na ofisi ilipoliuza gari alilokuwa akiliendesha, alilinunua yeye, akaliingiza nyumbani kama mtu anayeleta mke wa pili. Mama ndiye aliyesema hivyo, si mimi. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeushika usukani ule. Nina leseni zaidi ya miaka kumi, naendesha gari langu kila siku kwenda kazini Mtumba na kurudi, lakini la baba sijawahi hata kulirudisha nyuma hatua mbili. "Usukani huu una mtu mmoja," ndiyo kauli yake. Kaka zangu wawili, wanaume wazima wenye ndevu, mmoja yuko Mwanza na mwingine Mbeya, walishakata tamaa zamani.

Kiti cha mbele kushoto kilikuwa cha mama. Hakukaa mwingine pale, hata mchungaji. Mama alikaa na kikapu chake cha ukindu mapajani, na ndani ya kikapu mlikuwa na kila kitu: maji, karanga, kitambaa, Biblia, kitunguu kwa ajili ya mtu atakayetapika.

Mama alifariki mwaka jana, tukamzika kijijini kwao, ukishaiacha lami pale Haneti. Tangu hapo baba akawa na safari yake ya kila mwezi. Jumamosi ya mwisho anaamka, anavaa koti, anaweka fagio kwenye buti, anaendesha peke yake mpaka makaburini. Anafagia, anakaa kidogo, anarudi. Ana miaka sabini na sita. Mimi siku hizo nashinda kwake, sifanyi la maana mpaka nisikie gari linaingia getini, na mwaka huu nilikuwa nalisikia mapema zaidi, maana kule kugonga kulikuwa kunatangulia kupiga hodi.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kifundi, na nitalieleza kama baba alivyonieleza nikiwa na miaka tisa, nimeshika boksi la spana. Magurudumu ya mbele yanashikwa na mikono ya chuma. Pale mkono unapoungana na mwili wa gari kuna bushi, kibomba kidogo cha chuma kilichozungushiwa raba nene. Raba hiyo ndiyo inayomeza mitikisiko ya barabara. Watu wanadhani inazunguka. Haizunguki. Inajinyonga kidogo gari likipanda na kushuka, halafu inarudi ilikokuwa.

"Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki," baba aliniambia, "miguu inaning'inia, na raba inaamini kwamba kuning'inia ndiyo kukaa. Ukilishusha, inaishi maisha yake yote imejinyonga, mpaka inapasuka. Unakaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake, na watu wake."

Mafundi wengi wanaishia kwenye miguu. Baba alikwenda mpaka kwa watu. Alikuwa na vipande vya mataruma ya reli, mbao nzito nyeusi alizozipata enzi za treni za zamani, na akishafunga bushi mpya bila kukaza, alilipandisha gari juu ya mataruma hayo ili apate nafasi ya kuingia chini. Halafu alipaza sauti uani: "Kila mtu mahali pake!"

Basi tulikuwa tunatoka. Kaka zangu nyuma, mmoja kila dirisha, mimi katikati. Mahali pa dereva aliweka gunia la mahindi na mawe mawili, kwa sababu dereva mwenyewe alikuwa chini ya gari. Na mama anatoka jikoni na unga mikononi, ananuna, anafungua mlango wake, anakaa. Halafu anashuka tena kufuata kikapu. "Si unataka uzito wa kweli? Mimi sisafiri bila kikapu." Majirani wanasimama kwenye uzio kuangalia familia iliyovaa ndala imekaa ndani ya gari lisilokwenda popote.

Kutoka chini sauti ya baba inauliza, "Mama yao, umekaa?"

"Nimekaa."

"Umekaa vizuri?"

"Wewe mwanaume, funga! Mboga inaungua!"

Na baba anafunga. Unasikia spana inalia kidogo kwenye sakafu ya gari, chini ya nyayo zako. Sisi watoto tulikatazwa kucheka mpaka kazi imalizike, kwa hiyo tulicheka sana.

Nilikuwa nayajua yote haya. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi wa sita nikaona sasa basi. Fundi ninayemwamini ana gereji ya wazi kule Chang'ombe. Ni Mhehe, na Wahehe na sisi Wagogo ni watani, kwa hiyo nyumbani kwetu anaingia bila hodi na kumtukana baba bila kosa. Nilimwomba aje jioni. Aliingia, akasema, "Shikamoo mzee, bado hujafa tu?" Baba akajibu, "Marahaba, nakusubiri wewe utangulie," wakashikana mikono kwa furaha kabisa.

Fundi akainua upande wa kushoto kwa jeki, akaingiza mtaimbo chini ya gurudumu, akabonyeza. Gurudumu likapanda peke yake, mkono ukabaki ulipo. Akafanya tena, ili mimi nione. Hata asiyejua gari angeelewa kwamba vitu viwili vinavyotakiwa kushikana havishikani.

"Bol jointi imekwisha," alisema. Kisha akakunja ngumi moja, akaifunika kwa kiganja cha mkono wa pili. "Hii ni kama nyonga, dada. Kichwa ndani ya kikombe. Kichwa kikichomoka, gurudumu linalala, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Ya kulia nayo iko njiani. Na bushi zote nne zimebaki nyuzi. Mzee asiende nalo hata hapo Veyula."

Nikamgeukia baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, anasafisha miwani yake ambayo haikuwa chafu.

"Umesikia, baba?"

"Bol jointi badilisheni," alisema. "Bushi ziacheni."

"Mzee," fundi akasema taratibu, "mkono lazima utoke. Ukishatoka, nirudishe raba iliyooza?"

"Bushi ziacheni," baba akasema tena, akaingia ndani.

Jamani, nilichemka! Nilimfuata mpaka sebuleni, nikasema maneno mengi. Nilisema mficha maradhi kifo humfichua. Nilisema kama anataka kumfuata mama, aniambie mapema nijiandae. Neno hilo lilitoka, na nikaliona linavyomfikia. Alikwenda kujilaza, na mimi nikarudi kwangu Nzuguni nikiwa bado nabishana naye peke yangu ndani ya gari.

Spea zilikuja na basi kutoka Dar es Salaam wiki ile ile, boksi dogo lililofungwa kwa mpira wa baiskeli: bol jointi mbili na bushi nne, raba nyeusi inayonuka upya. Jumamosi yake ya mwisho wa mwezi ilikuwa wiki inayofuata. Nikapiga hesabu za mtu mwenye hasira. Baba Jumapili hakosi kanisani, ibada ya pili, na baada ya ibada wazee wana kikao chao. Saa nne hadi saa saba nyumba ni yangu.

Fundi aliuliza kwenye simu, "Mzee anajua?"

"Anajua," nikasema.

Hasira ina macho mafupi. Niliona bushi, nikaona ubishi wa mzee, nikaona barabara ya Haneti. Sikuona kingine.

Tulianza mara tu baba alipogeuka kona na koti lake. Kazi nilifanya naye bega kwa bega, maana kushika spana nimefundishwa na baba huyo huyo. Tuliliweka gari kwenye stendi za chuma, tukatoa magurudumu. Nati zilikuwa zimeshika kutu, tukazinywesha dizeli tukasubiri. Bol jointi ya kushoto haikututaabisha hata kidogo. Fundi aligonga nyundo mbili tu pembeni, ikaanguka yenyewe. Tulitazamana. Niliiokota, nikauzungusha ule mpini wake kwa kidole kimoja, ukacheza kama kijiko kwenye kikombe. Nilikaa chini kidogo.

Mkono wa kushoto ukatoka, bushi zake zikatolewa kwa kukatwa na msumeno. Mpya tukazisukuma kwa jiliwa, kile kibano cha chuma cha mafundi, na maji ya sabuni ili ziteleze, maana mafuta yanaila raba. Saa tano na nusu mkono wa kushoto ulikuwa umerudi, bolti zimeingia, hazijakazwa. Tukageukia kulia, tukautoa mkono wa huko nao. Ndipo nikasikia geti.

Kikao cha wazee kilikuwa kimeahirishwa.

Baba alisimama pale getini na Biblia yake na kitabu cha nyimbo. Alilitazama gari, halafu fundi, halafu mimi na mikono yangu myeusi. Alikuja mpaka kwenye gunia tulilolitandika chini, akainama kwa shida, akaiokota bushi moja ya zamani ya upande wa kushoto. Raba ilikuwa imechanika, inatoka vumbi jeusi. Aliigeuza mkononi.

"Hizi," alisema, "zilifungwa mama yako akiwa amekaa."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenipiga. Alitoa leso mfukoni, akaifunga ile bushi ndani yake, akaingia ndani na kuurudisha mlango.

Fundi aliweka nyundo chini. "Dada, ulisema anajua." Nikamwambia aende, nitamwita. Nilibaki uani mpaka jua likapita juu ya paa, sina la kufanya, sina wa kumlaumu. Ni miaka mitano au sita iliyopita aliponipigia simu siku moja akaniambia kwa fahari kwamba wameweka bushi mpya, yeye na mama peke yao, mawe nyuma badala yetu watoto. Mama alikaa na kikapu. Nilicheka, nikarudi kwenye kazi yangu. Ile ndiyo mara ya mwisho raba ya gari lile ilipofundishwa jinsi familia yetu inavyokaa, na uzito wake mama ulikuwa humo ndani, umekazwa kwa bolti. Kila mwezi baba alikuwa anakwenda Haneti akiwa na huo. Na mimi nimeukata kwa msumeno.

Siku tatu baba hakula chakula cha maana. Nilikuwa nakuja kila jioni kutoka kazini. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nilimwambia, "Nisamehe, baba." Akasema, "Nimekusikia." Kusikiwa si kusamehewa, nalijua hilo. Gari lilikaa uani juu ya stendi zake, bila magurudumu ya mbele, na upepo wetu wa mwezi wa sita ulikuwa unalijaza vumbi kila mahali.

Jumatano fundi akaja bila kuitwa. Aliketi barazani mbele ya baba, akavuta kiti karibu.

"Mzee, nimekuja kuchukua gari langu."

"Gari lako lipi?"

"Hili hapa. Nimesikia huli. Mtu asiyekula hafiki Jumapili, na ukifa, mtani ndiye anayetangulia kuchagua urithi. Mimi nachagua gari. Watoto wako watachukua mlenda."

Mimi nilishika kichwa. Mungu wangu, baba mwenyewe yuko katika hali hii! Lakini baba alimtazama, midomo ikaanza kucheza, na mara kicheko kikamtoka, kile chake cha kifuani ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu hakuwa anacheka tena, alikuwa analia, na fundi akamshika goti akakaa vile vile bila kusema utani mwingine. Nilikwenda jikoni nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda, na baba akala. Alikula polepole, akamaliza.

Baada ya kunawa alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza. Bushi ile ilikuwa humo.

"Imepasuka kweli," alisema. "Mama yako asingekubali kukaa juu ya kitu hiki." Kisha akanitazama mimi. "Nilikuwa nasikia, mwanangu. Tangu mwezi wa tatu nasikia. Nilidhani nikinyamaza itanivumilia."

Nikaanza kukusanya vyombo. Mimi, niliyezaliwa mdomo ukitangulia.

"Mmetumia nini kuziingiza mpya?" akamuuliza fundi. "Isije ikawa grisi."

"Sabuni, mzee."

"Ya unga?"

"Ya mche."

"Haya." Alifunga leso. "Bolti zisikazwe. Malizeni upande wa kulia, mlishushe. Jumamosi asubuhi ndiyo tunakaza."

Nilikuwa natoa vyombo aliponiita tena. "Wewe, una kilo ngapi siku hizi?"

"Baba!"

"Nakuuliza."

"Maswali gani hayo mbele ya watu?"

"Mtani si mtu," baba akasema, na fundi akaitikia, "Kabisa, mimi si mtu, taja."

"Sabini," nikasema, nikaondoka na vyombo vyangu. Nyuma yangu mmoja wao akakohoa, na kikohozi kile kilinikera kuliko kama wangecheka.

Jumamosi nilifika mapema. Nilimkuta fundi ameshalipandisha gari juu ya mataruma, magurudumu yote manne yamekanyaga mbao, mawe yamezuia mbele na nyuma. Lilikuwa limeoshwa. Nilidhani ni fundi, lakini ndoo na kitambaa vilikuwa barazani, karibu na viatu vya baba vilivyolowa.

Baba mwenyewe hakuwepo. Alirudi baada ya muda amekaa nyuma ya bodaboda, na mbele ya dereva juu ya tangi kulikuwa na gunia. Alitoka mashineni, kwa wasagaji, ambako kuna mizani. Dereva wa bodaboda alilishusha gunia, baba akalipapasa kama anamtuliza mbuzi, akasema ni uwele, na kwamba umepimwa.

Nilijua gunia lile ni la nini. Amekwenda kupima uzito wa mama, nikawaza. Kadi yake ya kliniki iko kabatini, amesoma kilo zake za mwisho, amezijaza kwenye gunia ili zikae kwenye kiti chake. Nilisogea nikafungua mlango wa mbele kushoto, ule wa mama, nikapangusa kiti kwa kiganja ingawa kilikuwa safi. Fundi aliinua gunia begani akaja nalo kwangu.

"Si huko," baba akasema. "Mahali pa dereva."

Fundi alisimama. Mimi nikasimama.

"Baba, mahali pa dereva si pako?"

"Weka mahali pa dereva. Ni lake huyu." Alininyooshea kidole. "Na kilo nane nimeongeza. Nimebeba watu miaka arobaini. Mtu akishuka garini, gari linaniambia uzito wake. Sabini! Labda mguu mmoja."

Fundi alicheka mpaka nusura aangushe gunia. Mimi nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira yangu yote, sikuipata popote. Walilikalisha gunia lile nyuma ya usukani, usukani wenye mtu mmoja, wakalifunga mkanda.

"Wewe mtani," baba akasema, "panda nyuma. Kaa katikati, na yale mawe mawili ya pale barazani weka moja kila dirisha. Hao ni wanangu, uwaheshimu."

Fundi akapanda, akayaamkia mawe.

Baba akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa lile koti lake, na mkononi ameshika kikapu cha ukindu cha mama. Nilikiona kila kilichokuwa ndani: chupa ya maji, karanga, Biblia, kitunguu, na leso iliyofungwa fundo. Fagio alilishika chini ya kwapa. Alizunguka mbele ya gari polepole, mkono ukipita juu ya boneti, akapita upande wake aliokaa miaka yote hiyo bila kuutazama, akafika nilipokuwa nimesimama nimeushikilia mlango.

"Ingia chini," aliniambia. "Mimi macho yangu siku hizi yanaishia kwenye boneti. Nilikuwa nalificha hilo nalo. Haneti leo utatupeleka wewe."

Nilitandika gunia tupu, nikalala chali, nikajisukuma chini ya gari na spana yangu. Kule chini kulinukia raba mpya na vumbi lililolowa. Nikasikia mlango wa kushoto unafunguliwa. Nikaona kiatu kimoja cha baba kinainuka kutoka ardhini, halafu cha pili, na gari likashuka kidogo upande ule, kidogo tu, juu ya uso wangu. Mlango ukafungwa. Nikasikia kikapu kikiwekwa mapajani. Ukindu una sauti yake.

Nikaishika bolti ya kwanza. Juu yangu hakuna aliyetikisika, hata mtani.

"Baba, umekaa?"

"Nimekaa."

"Umekaa vizuri?"

Nilisikia anavuta pumzi, anaitoa, anajisogeza kidogo kwenye kile kiti mpaka akapata alipokuwa akipataka.

"Funga, mwanangu," alisema. "Mboga inaungua."

Nikafunga.